Msemaji wa Mivule ya Kighombwe

Nchi yenyewe hatutaitaja. Waliokwishaishi huko hawahitaji kuambiwa, na ambao hawajaishi wasije wakadhani tunaisema ya kwao. Itoshe kujua kwamba ilikuwa nchi ya sheria. Kila kitu kilikuwa na sheria yake, hata kupiga chafya, na pasipokuwa na sheria palikuwa na tamko.

Sasa vijana wa nchi hiyo walikuwa hawana kazi. Serikali haikupenda kuona kijana akihangaika, hasa akihangaika karibu na Ikulu, kwa hiyo iliunda tume ya kuchunguza ni wazee gani waliokalia nafasi za vijana. Tume ilianzia juu, kama heshima inavyotaka. Mkuu wa Nchi hakuguswa, kwa sababu katiba ilikuwa imekwisharekebishwa na umri wake ulihesabiwa kuanzia siku atakayong'atuka. Mawaziri nao hawakuguswa, maana walikuwa wakimsubiri yeye. Majaji walikuwa wamelala, na si adabu kumwamsha mzee. Tume ikateremka ngazi kwa ngazi mpaka ikaishiwa na watu, na ndipo ilipotokea kwenye mteremko wa kilima cha Kighombwe na kuukuta msitu wa mivule.

Hapo tume ilipata ilichokuwa ikikitafuta. Mivule ile ilikuwepo kabla ya serikali ya sasa, kabla ya serikali ya wageni, kabla ya machifu. Watu wazima kadhaa wakishikana mikono hawakuweza kuuzunguka mmoja wake. Haikuwahi kwenda likizo. Na kibaya zaidi, chini yake miche ilikuwa imedumaa kwa kukosa jua.

"Huu ndio ugonjwa wa taifa letu," Waziri wa Mapumziko ya Lazima aliliambia Bunge kwa uchungu. "Wazee wamesimama juu, vijana wanafia chini. Tutavumilia hadi lini?"

Wabunge walipiga meza. Meza zenyewe zilikuwa za plastiki, jambo ambalo Waziri alikuwa amelisikitikia kwa muda mrefu. Ikapitishwa kwamba msitu wa Kighombwe ustaafishwe kwa heshima zote.

*

Watu wa Kighombwe waliishi chini ya mteremko huo na hawakujua kwamba jirani yao ni mtumishi wa umma. Wao waliujua msitu kwa mambo mengine. Ndimo ilimotoka chemchemi waliyokunywa. Ndimo walimotundika mizinga ya nyuki. Kuni waliokota zilizoanguka zenyewe. Shoka halikuingia humo, na hakuna aliyekumbuka nani alikataza. Mtu alijikuta tu amekua anajua. Namkunda, mjane wa makamo, ndiye aliyefagia njia ya chemchemi kila asubuhi kama mama yake alivyofanya, na akimkuta mtu anafua nguo pale kwenye jicho la maji, alimpa maneno ya kumtosha hadi mavuno.

Mdogo wake Namkunda aliitwa Mbonea, na huyu ndiye tutakayemfuata. Alilima tangawizi, lakini sifa yake ilikuwa mdomo. Harusi isiyosemewa na Mbonea ilihesabiwa kuwa watu wamekutana tu. Msibani aliposimama kumwelezea marehemu, hata waliokuwa wakimdai marehemu walijuta. Alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye koti moja la kijivu, na alipenda kupigiwa makofi kama wengine wanavyopenda ugoro.

Siku Bwana Fikirini, Afisa Mlezi wa Wastaafu, alipofika na gari jeupe kuwaeleza wananchi jambo hilo, watu waligeuka kuutazama msitu.

"Msiogope," alisema Bwana Fikirini. "Sheria yetu ni ya haki. Hakuna anayestaafishwa kabla ya kuulizwa kama ana pingamizi. Msitu utaitwa mjini, utasikilizwa."

"Msitu uitwe mjini," alisema Namkunda. "Utapanda gari gani?"

"Ndiyo maana sheria inaruhusu msemaji."

"Na msemaji akisema msitu hautaki?"

Bwana Fikirini alikuna kidevu. Inaonekana swali hilo lilikuwa halijawahi kumfikia. "Akikataa, shughuli inasimama. Sheria ni sheria. Lakini kwa kawaida huwa hawakatai, mama."

Watu hawakuhitaji kupiga kura. Macho yote yalimwendea Mbonea, naye akatazama chini kwa unyenyekevu, kama mtu ambaye hakuwa amekwisha kuanza kuipanga hotuba.

Usiku ule dada yake alimpigia pasi lile koti. "Ni maneno matatu tu, Mbonea," alimwambia. "Msitu hautaki kustaafu. Hata ukiwa na mafua utaweza kuyasema."

"Dada, unanidharau," alisema Mbonea, akicheka.

*

Ukumbi wa mjini ulikuwa na zulia jekundu lililofika hadi ndani ya vyoo. Mbonea aliwekwa mbele kabisa, kwenye kiti chenye kibao kilichoandikwa "Mhe. Mbonea". Alikisoma kibao kile kwa kificho, akageuza uso, halafu akakisoma tena. Waziri mwenyewe alikuja kumpa mkono, tena kwa mikono miwili.

"Nimesikia habari zako," alisema Waziri. "Wanasema ukisimama kusema, hata maiti husikiliza."

"Wanatia chumvi, Mheshimiwa."

"Leo nasi tutakula hiyo chumvi."

Kulikuwa na wimbo, na dua, na utambulisho, na shukrani kwa waliotambulishwa, na utambulisho wa waliochelewa wakati wengine wakishukuriwa. Mwishowe mshereheshaji akatamka kwa sauti ya kengele: "Na sasa namkaribisha Mheshimiwa Msemaji wa Msitu."

Mbonea alisimama. Maneno yake matatu alikuwa nayo, hakuyasahau. Yalikuwa pale ulimini kama punje za kahawa. Lakini mtu huwezi kuwaambia watu hapana, watu waliokuletea gari, kabla hujawashukuru kwa gari. Kwa hiyo alimshukuru Mgeni Rasmi. Akashukuru kwa gari, na kwa dereva aliyeliendesha kwa uangalifu. Makofi yakapigwa. Akamshukuru Mkuu wa Nchi kwa kuwa na nchi. Makofi yakazidi. Alieleza jinsi barabara ilivyokuwa nzuri pale ilipokuwepo, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Waziri akajifuta machozi ya furaha kwa leso. Mbonea hakuwahi kusema vizuri hivyo maishani mwake. Kila shukrani ilizaa nyingine, tamu kuliko ya kwanza, mpaka kengele ya muda ikapigwa.

Waziri aliinamia kipaza sauti chake. "Kwa hiyo, Mheshimiwa, tuelewe kwamba msitu unashukuru?"

Ukumbi ukacheka tena, kicheko cha upendo kabisa. Kisha ukanyamaza ukimngoja.

Inafaa tuseme kilichokuwepo pale, maana baadaye Mbonea alilirudia tukio hilo kichwani mara zisizo na idadi akitafuta kitu cha kulaumu. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Hapakuwa na askari karibu. Hakuna aliyemkanyaga mguu wala kumkonyeza. Palikuwa na nyuso zinazomtazama kwa mapenzi, na hakutaka zigeuke. Ni hilo tu.

"Tunashukuru sana, Mheshimiwa," alisema Mbonea, akaketi.

Baada ya hapo ililetwa pilau, na akala. Aliongeza na kachumbari. Katika mambo yote ya siku ile, kachumbari ndiyo iliyomrudia zaidi baadaye: kwamba aliona haikutosha, akanyoosha mkono kuomba nyingine.

*

Gari jeupe lilipomshusha Kighombwe, watu walikuwa wamekusanyika njiani.

"Umesema?" Namkunda aliuliza.

"Nimesema, dada."

"Wamesikia?"

"Walinyamaza wote, wakasikia."

Na kwa kuwa Mbonea hakuwa mwongo kwa kawaida, hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi. Namkunda alichinja jogoo. Majirani wakaja na ndizi, wakaja na pombe ya miwa. Firigisi, ambayo nyumbani kwao hupewa mwenye heshima, Namkunda aliitia katika bakuli dogo peke yake, akamwekea mdogo wake mbele huku watu wakitazama. Mbonea aliitafuna. Aliitafuna mpaka watu wakaanza kuzungumza mambo mengine, na bado ilikuwa kinywani.

Alidhani labda serikali itasahau. Serikali ile ilikuwa ikisahau mambo mengi: hospitali, madaraja, walimu. Kwa nini isisahau na msitu?

Lakini hili haikulisahau. Malori yalikuja asubuhi yakitanguliwa na bendi ya tarumbeta. Sherehe ya kustaafu ilifuata utaratibu wote. Kila mvule ulivishwa shada la maua ya karatasi, na iliyokuwa mikubwa zaidi ilipewa zawadi kama wastaafu wengine: saa ya ukutani iliyopigiliwa misumari kwenye gome, godoro, na bati la kuezekea kibanda cha uzeeni. Misumeno ilikuwa imefunikwa kwa vitambaa vya rangi za taifa, isije ikawashtua wahusika.

"Hawafukuzwi," Waziri aliwatuliza wananchi. "Wanakwenda kupumzika katika Makao ya Miti Wastaafu." Makao hayo yalikuwa mjini, chini ya uangalizi wa shemeji yake, na yalijulikana kwa bomba lake la moshi na sauti yake kali ya kupasua mbao.

Namkunda alipita katikati ya watu mpaka mbele. "Mheshimiwa, msitu ulikataa," alisema. "Tulimtuma mtu. Ulikataa."

Waziri alishangaa kwa dhati. "Ulikataa? Mama, sijapata kusikia msitu wenye shukrani kama wenu. Huyu hapa msemaji wenu, Mheshimiwa Mbonea. Alitushukuru mpaka kengele ikamkatiza. Simama wakuone, Mheshimiwa."

Mbonea alikuwa amesimama tayari. Watu wote wa Kighombwe waligeuka wakamtazama, isipokuwa dada yake. Yeye alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe.

"Ni kweli?" aliuliza bila kuinua uso.

"Nilitaka kuanza kwa shukrani, dada, halafu ndipo nifike—"

"Nimekuuliza ni kweli?"

"Ni kweli."

Bendi ikapiga. Mvule wa kwanza ulipolala, ardhi iliruka, na saa iliyokuwa imepigiliwa juu yake iliendelea kutembea.

*

Mvua za masika zilipofika hazikukuta wa kuzipokea. Zilishuka mteremkoni moja kwa moja, na mteremko ukashuka nazo. Hakufa mtu, watu walisikia kilima kikinguruma, wakakimbia. Lakini tope liliifunika chemchemi na njia yake, likalala juu ya shamba la migomba la Namkunda, likaondoka na jiko lake, mafiga na yote. Tume ya Maafa ilikuja na viatu virefu vya mpira, ikakikagua kilima na kukipa onyo kwa kuhama bila kibali.

Mbonea alikwenda kusaidia kuchimba. Watu hawakumfukuza. Walimsogezea koleo, walimpisha, na walipopumzika walikaa upande wa pili wa shimo. Chemchemi haikupatikana. Tangu hapo wanawake waliteremka hadi mtoni, mbali, na kurudi na ndoo kichwani juani.

Usingizi ulimkimbia. Chakula kilimkataa. Alitamani mtu amtukane, na hakuna aliyemtukana. Mwisho alivaa koti lake akaenda mjini kwenye kituo cha polisi.

"Nimekuja kujishtaki, afande," alimwambia mkuu wa kituo, mwanamke mnene aliyekuwa akimenya chungwa.

"Umefanya nini, mzee?"

"Nilitumwa kusema jambo, nikanyamaza. Watu wamepoteza msitu, wamepoteza maji."

"Ulinyamaza mbele ya nani?"

"Mbele ya Waziri."

Mkuu wa kituo aliacha kumenya. "Mzee wangu, hapa ndani nina watu wamejaa, na kila mmoja yumo kwa kusema. Kwa kunyamaza sina hata mmoja. Nikikufungia wewe nitawaambia nini hawa?"

"Nifungie kwa lolote, afande."

"Nenda nyumbani. Ungekuwa mwanangu ningejivunia."

Naye alijivunia kweli, kiasi kwamba alimsimulia mkubwa wake, naye akamsimulia wa kwake. Haukupita muda, gari jeupe likamfuata Mbonea Kighombwe. Alikuwa amechaguliwa kupewa Nishani ya Ukimya Uliotukuka, Daraja la Kwanza. Alikubali kwenda. Safari hii aliapa kwamba atasema.

Akasema. Waziri alipokuwa bado anahangaika na pini ya nishani kifuani pake, Mbonea alikivuta kipaza sauti. "Mimi ni msaliti," alisema. "Watu wangu walinituma nikatae, nami nikawauza kwa makofi. Msitu haukutaka. Msinipe kitu."

Kisha Waziri akafuta macho kwa leso ileile. "Mmesikia unyenyekevu?" aliuliza kwa sauti ya kukatika. "Mnaona kwa nini tulimchagua?" Watu wakasimama. Makofi hayo yalikuwa marefu kuliko ya kwanza, na kila moja lilimpata Mbonea kama jiwe.

Nje, Bwana Fikirini alimngojea na habari njema: mto nao ulikuwa umekuwa kazini muda mrefu mno bila kupumzika, na ungehitaji msemaji.

"Hapana," alisema Mbonea. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu wa serikali neno hilo, na lilitoka jepesi, jepesi hata akaona aibu.

"Hakuna tabu," alisema Bwana Fikirini kwa upole. "Wapo wengi."

*

Alirudi akaomba mkutano wa kijiji. Watu walikuja, hawakuwa watu wa kumnyima mtu masikio. Mbonea alisimama mbele yao bila koti, na safari hii hakusalimia kwa mafumbo wala kuchekesha. Aliwaeleza yote: kibao kwenye kiti, barabara, kicheko cha ukumbi, swali la Waziri na jibu lake. Hata kachumbari aliisema. Firigisi alishindwa kuisema, akainyamazia.

"Nimekuja mnihukumu," alimalizia. "Mkinifukuza nitaondoka. Mkisema nilipe, shamba lipo."

Walitazamana. Namkunda aliyekuwa amekaa chini na miguu ameinyoosha ndiye aliyesema, bila kusimama.

"Hatukupi adhabu, Mbonea."

"Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu ukipewa utaimaliza. Siku ukiimaliza utakaa kitako upumzike, useme nimelipa. Sisi hatutapumzika. Kaa nayo kama sisi tunavyokaa."

Mkutano ukavunjika. Watu walimpita, wengine wakamwambia usiku mwema, na lile la usiku mwema ndilo lililomliza.

Kesho yake Mbonea alichukua ndoo akateremka mtoni. Wanaume wa Kighombwe hawakuchota maji, na wanawake aliowakuta walinyamaza alipofika, wakachota, wakatwikana ndoo wao kwa wao, wakaondoka. Ndoo iliyojaa haijitwiki, na Mbonea hakuwa na wa kumtwika. Aliipandisha juu ya jiwe, akachuchumaa, akaisogeza kichwani kidogo kidogo, na nusu ya maji yakammwagikia. Alipofika kwa dada yake aliitua mlangoni, akaondoka. Maji yale Namkunda aliwamwagia kuku.

Alirudi tena siku iliyofuata, na zilizofuata. Shingo ilimuuma, nyayo zikapasuka. Mtoto mmoja alimcheka kwa kujifunga kata ya majani kichwani kama bibi, na mama wa mtoto alimkanya mtoto, si kwa hasira. Kuna siku alikuta ndoo yake ya jana imebaki nusu, na mlangoni pana alama ya mtungi uliotiwa maji. Hakusema kitu. Alikuwa anajifunza kutosema kitu, na hicho nacho kilimtia hofu, maana hakujua tena kunyamaza kupi ni kwema na kupi ni kule kwa mjini.

Kiangazi kiliposhika, alimkuta Namkunda mwenyewe mtoni, peke yake. Wenzake walikuwa wametangulia. Alichota, naye akachota pembeni. Mbonea alitangulia kumtwika dada yake, kisha akaiburura ndoo yake kuelekea kwenye jiwe.

"Utaivunja shingo hiyo," alisema Namkunda.

"Nimezoea."

"Hujazoea. Unamwaga nusu, halafu unarudi mara mbili." Aliitua ndoo yake chini, taratibu, akajikaza kiuno. "Sijakusamehe, Mbonea."

"Najua, dada."

"Na sijui kama nitakusamehe."

"Najua."

"Basi inama."

Aliinama. Namkunda aliishika ndoo ubavuni, akainyanyua, akaiweka juu ya kata, akaiegemeza kidogo kushoto mpaka ikatulia. Hapakumwagika hata tone. Kisha Mbonea naye, shingo imekaza, akapiga magoti kwa uangalifu, akaishika ya dada yake kwa chini, wakaipandisha wote wawili. Namkunda akatangulia, yeye akafuata.

Kilima kilikuwa chekundu kutoka chini hadi juu. Walipofika mahali ambapo zamani kivuli kilianzia, wote wawili walisimama, kama miguu ilivyozoea. Walisubiri kidogo pale juani. Kisha wakaendelea kupanda.